Uzi: Klabu ya mashua za tanga Bukavu: zilikotoka klabu hizi, zinaendeshwaje, na nini kinaziua

Mwana_Muhumba
Salamu wakubwa na wadogo. Hapa Ibanda kuna kikundi kinachotaka kuanzisha klabu ya mashua za tanga, siyo za moteri. Sehemu ya kushukia majini ipo, pesa si nyingi. Kilichotugawa ni hiki: tujenge kwanza nyumba ya klabu yenye baa ili ilete pesa, au tutafute mashua kwanza? Wenye kujua naomba waanzie mbali kidogo. Klabu hizi zilianzaje, zilikuwa za nani, kazi zinagawanywaje ndani yake? Halafu tushuke kwenye vitu vyenyewe: mashua gani, mbao gani, gati, usalama, mashindano. Hesabu na vipimo vikiwepo, vema zaidi.

Kubisha_Upepo
Yaya, nianze na historia, maana swali lako la baa ni la zamani sana.

Klabu ambayo wengi wanaitambua kuwa ya kwanza ni ile ya bandari ya Cork, Ireland, iliyoanza 1720 kwa jina la Water Club. Leo inaitwa Royal Cork Yacht Club, iliungana na Royal Munster mwaka 1966 na makao yake yako Crosshaven. Watu walishindana kwa mashua za anasa hata kabla ya hapo: 1660 mji wa Amsterdam ulimzawadia mfalme Charles II wa Uingereza mashua iliyoitwa Mary, na Oktoba 1661 akashindana na mdogo wake kutoka Greenwich mpaka Gravesend na kurudi, dau likiwa pauni 100. Lakini huo ulikuwa mchezo wa jumba la mfalme. Watu wa Cork walikaa wakaandika kanuni. Wanachama wasizidi 25. Wakutane kila bamvua (siku za maji kujaa sana baharini) kuanzia Aprili hadi Septemba. Na anayewakaribisha wenzake asilete mvinyo zaidi ya chupa 24. Hawakuwa wakishindana. Walisafiri kwa safu kama jeshi la maji, wakifuata ishara za bendera na mizinga za mkubwa wao.

London ilifuata tarehe 1 Juni 1815, katika mkahawa wa Thatched House. Sharti la kuingia lilikuwa kumiliki chombo cha tani 10 na zaidi. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Royal Yacht Squadron mwaka 1833, kule Cowes. Upande wa Marekani, New York Yacht Club iliundwa 30 Julai 1844 juu ya chombo cha John Cox Stevens kilichoitwa Gimcrack. Mwaka 1851 mashua yao America ilishinda mbio za kuzunguka kisiwa cha Wight, na kombe likakaa New York hadi 1983, Australia II ya klabu ya Perth ilipolichukua.

Sasa upande mchungu. Klabu nyingi za zamani zilipiga kura ya siri kwa vidonge: kidonge cheusi kikionekana sandukuni, mwombaji amekataliwa na hapewi sababu. Thomas Lipton, mfanyabiashara wa chai, alijaribu kulitwaa kombe hilo mara 5 kati ya 1899 na 1930 kwa jina la klabu ya Ulster, kwa sababu wale wa Cowes hawakumtaka mtu wa dukani. Walimfungulia mlango 1931, na mwaka huohuo akafa. Wanawake walikubaliwa kuwa wanachama kamili wa Squadron 2013 tu. Kwenye mwambao wetu wa mashariki, klabu ya Mombasa ni ya 1910, ya Dar es Salaam ni ya 1933, zote za wakati wa ukoloni. Na huku Kongo ya Wabelgiji mambo ya sarkili (klabu za Wazungu) mnayajua: hata Mkongomani mwenye kadi ya mérite civique ya 1948 (cheti cha mwenendo mwema) au immatriculation ya 1952 (kuandikishwa kama «mstaarabu») hakuhesabiwa mwenzao mezani.

Nayasema haya ili muone kwamba sharti la kuingia ndilo linaloipa klabu sura yake. Wale waliweka tani 10. Ninyi wekeni saa za kazi.

Mwana_Muhumba
Saa za kazi namna gani? Na baa bado hujaijibu.

Mama_Daftari
Niko Lubumbashi lakini makaratasi ni yaleyale nchi nzima, acha nijibu yote mawili.

Klabu ya tanga huwa na kazi nne ambazo lazima zifanywe kila siku ya kutoka majini: msimamizi wa mbio, mwandishi wa muda, dereva wa boti ya uokoaji na msaidizi wake. Ukiwaachia wenye moyo, baada ya miezi michache watakuwa walewale watatu, watachoka, na klabu itafungwa huku kila mtu akisema pesa zimekosekana. Kwa hiyo tengenezeni orodha ya zamu ya msimu mzima kabla msimu haujaanza. Kila mwanachama apangiwe. Mwenye dharura atafute wa kubadilishana naye mwenyewe, asimwachie katibu. Asiyefika bila kubadilishana, mbio zake za msimu zisihesabiwe. Na aliye zamu asiumie kwa kutoshindana siku hiyo: apewe pointi za wastani wa mbio zake nyingine. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachofanya watu wakubali zamu, na klabu changa hukisahau.

Vyeo visiwe vingi. Komodoro (mkuu wa klabu), makamu, katibu, mtunza pesa, msimamizi wa mbio, mtunza vyombo. Mtunza vyombo asiwe mtunza pesa, hata kama mko wachache, maana mmoja ndiye anayeomba kununua na mwingine ndiye anayekataa.

Baa: inaleta pesa mwaka wa kwanza, ni kweli. Kisha wanywaji wanakuwa wengi kuliko wenye tanga, wanapiga kura mkutano mkuu, na pesa inaenda kwenye viti na spika. Kama ni lazima muwe na baa, ipangisheni kwa mtu wa nje kwa kodi ya mwezi, na mnywaji asiwe mwanachama mwenye kura. Mwenye kura awe yule aliyelipa mchango na kutimiza zamu.

Makaratasi. Sheria ya ASBL (chama kisicho cha faida) ni namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Utu wa kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria baada ya maoni mazuri ya waziri wa sekta husika, na kwenu ni wa michezo. Statuti (katiba ya klabu) ziseme wazi nani ni mwanachama kamili, nani wa heshima, mali inaenda wapi klabu ikivunjika. Klabu nyingi hugombana hapo: mashua zilizotolewa na mtu zinarudi kwake au zinaenda kwa klabu nyingine? Andikeni sasa hivi mkiwa bado mnapendana.

Kiwanja: ardhi ni ya Serikali tangu sheria ya 1973, na ASBL haipati konsesio (haki ya kutumia ardhi) ya milele, hiyo ni ya raia Mkongomani mtu binafsi. Klabu itapata konsesio ya kawaida, miaka 25, inayoweza kurudiwa. Ufuko wenyewe ni mali ya umma. Msijenge hata ukuta kabla ya kadastre (ofisi ya vipimo vya ardhi) kuwapimia na kuwaonyesha mpaka kwa maandishi. Anayewauzia «mpaka majini» anawauzia kitu kisicho chake.

Ziwa_Pana
Mimi naona mnajisumbua. Kuna watu Ulaya wanagawa mashua kubwa za futi 25, katamarani hata. Mkipata moja mnabeba watu 10 kwa mpigo, na watalii wanalipa.

FundiMbao_Nguba
Ndugu, mashua moja kubwa haifanyi klabu, inafanya abiria. Mmoja anashika usukani, tisa wanakaa. Pia hamna ushindani, kwa hiyo hakuna anayejua kama anaendesha vizuri au vibaya. Ongeza mkuku mzito unaodai kreni kila inapotolewa majini, mlingoti wa aluminiamu ambao ukipinda hapa hakuna wa kuunyosha, na gharama ya forodha. Bora mashua 5 ndogo za aina moja.

Aina zinazofaa kwetu ni zile zilizobuniwa kwa tripleksi (mbao za tabaka, plywood), kwa sababu zinaweza kutengenezwa na seremala wa hapa:

Optimist, ya Clark Mills, Florida, 1947. Urefu mita 2.30, kilo 35, tanga moja. Ni ya watoto mpaka miaka 15.

Mirror, 1962, kazi ya Jack Holt na Barry Bucknell. Urefu mita 3.30, bodi (mwili wa mashua) kama kilo 45, tanga mbili, inachukua watu wawili. Uzuri wake mkubwa kwetu ni kwamba mlingoti ni mfupi na tanga kuu linanyanyuliwa na mti wa pili juu yake, hivyo miti yote inaingia ndani ya mashua. Hakuna mti wa mita 6 wa kutafuta.

Vaurien, ya Jean-Jacques Herbulot, 1951, kwa ajili ya shule ya Les Glénans ya Ufaransa. Mita 4.08, kilo 73. Watu wazima wawili wanaenea vizuri, na maandishi yake mengi ni ya Kifaransa, hiyo si faida ndogo huku.

Ramani za aina hizi hununuliwa kwa chama cha aina hiyo. Mkinakili kwa jicho mashua zitaelea, ila hazitafanana, na mbio zenu zitakuwa ugomvi.

Kwa kuanzia nachagua Mirror. Mtindo wake ni wa kushona na kugundisha, hauhitaji mataruma wala karakana kubwa.

Kwanza tripleksi. Ile ya dari ya nyumba haifai, gundi yake inaachia. Jaribio: kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kichemshe saa moja, kikaushe juani, kichemshe tena. Tabaka zikifunguka hata ukingoni, rudisha shuka dukani. Unene ni ule ulioandikwa kwenye ramani, kwa kawaida milimita 5 au 6, shuka za mita 1.22 kwa 2.44. Angalia ubavu wake pia: ukiona mashimo kati ya tabaka, maji yatakaa humo.

Kata vipande viwiliviwili, vya kushoto na kulia kwa pamoja, ili vifanane. Toboa matundu kila baada ya sentimita 15, sentimita 1 kutoka ukingoni. Shona kwa waya wa shaba uliomenywa kutoka kebo ya umeme ya 1.5. Usikaze mara moja. Ifunge yote kwa ulegevu, halafu kaza kidogo kidogo kuanzia omo (mbele). Kabla ya gundi weka fito mbili bapa zikikatiza mashua, moja karibu na omo na moja karibu na tezi (nyuma), utazame kwa jicho moja kama ziko sambamba. Zisipolingana mashua imejipinda, na ikikauka hivyo itakwenda vizuri upande mmoja tu maisha yake yote. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha.

Gundi: tumia epoksi, siyo resini ya poliesta. Poliesta inashika kitambaa cha fiba vizuri lakini kwenye mbao inabanduka baada ya misimu michache. Kipimo cha epoksi kimeandikwa kwenye kopo (2 kwa 1, 5 kwa 1, inategemea) na hakichezewi. Aliyezoea poliesta huongeza kikausho kidogo ili iwahi kukauka. Epoksi ukiizidishia kikausho inabaki laini kama ubani na utaikwangua yote. Changanya na unga wa mbao uliochekechwa mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, jaza pembe ya ndani kwa mviringo, weka utepe wa fiba wa sentimita 5 hadi 7. Ikishika, toa waya, pindua, fanya nje.

Msimu wa mvua hapa Bukavu una shida yake. Epoksi ikikauka kwenye unyevu inatoa utando wa mafuta juu. Uoshe kwa maji na sifongo kabla ya kupiga msasa, la sivyo tabaka la pili halitashika. Muvula ni mzuri kwa fito za ukingo, ila ni mzito na una mafuta: ufute kwa asetoni kabla tu ya gundi. Mkaratusi uacheni, unapasuka. Visi (skrubu) ziwe za inoksi au shaba nyeupe.

Na jambo ambalo watu wa pwani hawalijui sana: maji baridi yanaozesha mbao kuliko bahari, kwa sababu chumvi inazuia kuvu. Maji ya mvua yaliyosimama ndani ya mashua ni adui mkubwa kuliko ziwa. Mashua zihifadhiwe zimepinduliwa juu ya magogo, omo ikiwa juu kidogo, na vizibo vya vyumba vya hewa viwe wazi ili hewa ipite.

Vyumba hivyo vya hewa vipimwe kabla ya kupaka rangi: ziba, pakaa povu la sabuni kwenye viungo, pulizia hewa kwa pampu ya mdomo taratibu. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Usitumie kompresa, utapasua.

Ziwa_Pana
Nimekubali kwa nusu. Matanga je? Hayo huwezi kushona Kadutu.

FundiMbao_Nguba
Ya mashindano hapana, yaagizwe. Ya mafunzo yanashonwa kwa bache (turubai) nyepesi kabisa. Usikate ukingo wa mbele kwa mstari mnyoofu, uache mbinuko kidogo ili tanga lipate tumbo. Bache iliyokatwa moja kwa moja inakuwa ubao na mashua haipandi upepo. Ukingo ukunjwe mara mbili, uzi wa poliesta, mshono wa zigizaga. Pembe tatu ziongezewe vipande vitatu vitatu vya bache, kwa maana nguvu yote inakusanyika pale. Jua la huku litaila, ihesabuni kama kitu cha kubadilishwa. Kamba za kupandishia tanga ziwe poliesta, siyo nailoni, kwani nailoni inavutika na tanga linashuka lenyewe. Nailoni iwekeni kwenye nanga, huko mvutiko unatakiwa.

Goma_Lava
Nachangia upande wa gati na ufuko, na sisi wa Goma tunahusika.

Msijenge gati la kudumu la zege kama jambo la kwanza. Kina cha ziwa kinapanda na kushuka kwa misimu, na gati likijengwa kwa kina cha kiangazi litazama, likijengwa kwa kina cha masika watoto watashuka kwa kuruka. Jengeni pontoni inayoelea. Dramu ya plastiki ya lita 200 inabeba karibu kilo 200, lakini hesabuni nusu tu. Dramu 8 zinabeba vema watu 6 na mbao zake. Chuma kitatoboka kwa kutu, plastiki ya bluu inadumu. Vizibo viangalie chini, siyo juu: dramu yenye kizibo juu inanyonya maji ya mvua taratibu, lakini ya chini hewa yake haina pa kutokea.

Huku Goma ufuko ni mawe ya lava, yanakata tripleksi kama msumeno. Mwenye ufuko wa lava aweke njia ya magogo yaliyofungwa matairi ya zamani, au abebe mashua mikononi mpaka kwenye maji ya kiunoni. Bukavu mna udongo na majani, mna bahati.

Boya la kufungia: zege ndani ya maji linapoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake. Bloku ya kilo 500 juu ya nchi kavu ni kama kilo 290 chini. Bloku ya injini ya kambioni (lori) ni bora zaidi kwa uzito uleule, chuma hakipungui sana. Mnyororo chini, kamba juu, na urefu wa jumla mara 3 ya kina kwa boya la kudumu. Kwa nanga ya kawaida mara 5 hadi 7. Shida ya Kivu ni kwamba ufuko unashuka ghafla: mita 20 kutoka nchi kavu unaweza kuwa na kina cha mita 15, na nanga inateleza kuelekea shimoni. Pimeni kwa kamba yenye jiwe kabla.

Kuhusu gesi, kwa vile swali hilo haliishi: ndiyo, kilindini mna gaz carbonique na metani nyingi, lakini imefungwa chini sana, tanga haliisumbui. Hatari ya kweli kwa klabu ni mazuku, hewa mbaya inayojaa kwenye mashimo ya nchi kavu upande wa Goma na Kabuno, hasa usiku na asubuhi pasipo na upepo. Kwa hiyo stoo ya matanga isijengwe bondeni wala kwenye shimo la lava, na mlinzi asilale chini sakafuni humo.

MoteriSafi
Boti ya uokoaji ndiyo kitu cha kwanza kununua, kabla ya mashua ya pili. Kipimo kinachotumika sana kwenye shule za tanga ni boti moja kwa mashua 6 za wanaojifunza, boti mbili kwa mashua mpaka 15.

Moteri ya farasi 15 hapa haitoi 15. Tuko juu karibu mita 1,460, hewa nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko pwani, na moteri inapoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300. Mtabaki na kama 13. Hesabuni hivyo mnaponunua, na ombeni propela yenye mkato mdogo kwa inchi moja au mbili, vinginevyo moteri haifikii mizunguko yake na inajaa masizi. Ikitoa moshi mweusi wakati wote, jikla ya kabureta (tundu la kupitishia mafuta) ni kubwa mno kwa huku juu.

Mchanganyiko kwa moteri ya tempo mbili (two-stroke): 50 kwa 1, yaani mililita 200 za oili kwa lita 10 za esanse (petroli). Mpya, wakati wa kuizoesha, 25 kwa 1, mililita 400. Oili iwe ya moteri za majini iliyoandikwa TC-W3, siyo ya pikipiki. Esanse ya chupa za barabarani mara nyingi ina maji: ichujeni kwa faneli yenye wavu mwembamba, muiache itulie, msimimine ya chini.

Moteri ikiwaka, angalia uzi wa maji unaotoka kando. Usipoonekana, zima papo hapo. Mara nyingi ni majani au mfuko wa plastiki kwenye kichujio, na Bukavu plastiki haikosi, au mpira wa pampu umekufa. Mpira huo ubadilishwe kila mwaka hata kama unaonekana mzima. Anodi iwe ya aluminiamu au magnesiamu. Ya zinki ni ya bahari, kwenye maji baridi inajifunika ngozi na haifanyi kazi.

Kamba ya kuzimia moteri ifungwe mguuni au kwenye jile (jaketi la kuokolea) la dereva kila safari. Kila safari. Dereva aliyeanguka na moteri ikaendelea, boti inageuka duara na kumrudia.

Majile: ya niutoni 50 (kipimo cha nguvu ya kuelea) kwa wanaojua kuogelea na wanaojifunza kuendesha, 100 au 150 kwa abiria na wasiojua. Baada ya ajali ya Aprili 2019 upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi aliamuru majile kwa kila abiria, na bado Oktoba 2024 karibu na Kituku watu wengi walizama. Klabu isiwe na ubishi hapa. Jile lipimwe kila mwanzo wa msimu: livae, ingia maji ya kifuani, kunja miguu. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa mno au mkanda wa kati ya miguu haupo.

Halafu ubao wa kutoka na kurudi. Kila mwanachama ana kibati chenye namba. Anayetoka anakihamishia upande wa «majini», anayerudi anakirudisha. Kinachoharibika ni mtu kwenda nyumbani na kukisahau, kisha boti inatafuta mzima usiku. Adhabu ya kusahau iwepo na iwe ndogo ila ya hakika: kuosha mashua zote siku inayofuata inatosha.

Kubisha_Upepo
Vizuri sana mukubwa. Nimalizie upepo na mbio.

Asubuhi ziwa ni kioo, hewa ya milimani imekwisha shuka usiku. Upepo wa ziwani unaanza kuamka karibu saa tano, unakaza mchana. Kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki una nguvu na unatabirika. Huo ndio msimu wa mbio. Masika ni msimu wa mafunzo, na muwe mmeshatoka majini kabla ya wingu la alasiri. Radi si mchezo kwetu: kwenye utafiti wa setilaiti uliochapishwa 2016, eneo la Kabare lilikuwa la kwanza Afrika na la pili duniani baada ya ziwa Maracaibo, mimuliko karibu 205 kwa kilomita mraba kwa mwaka. Kabare ni hapo juu ya Bukavu. Ngurumo ya kwanza ikisikika, wote nchi kavu, mlingoti ulazwe, na msirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.

Uwanja wa mbio uwe ndani ya ghuba. Upepo ukifa, mashua inachukuliwa tu, na mpaka wa Rwanda hauko mbali. Kundi la vijana walioelea upande wa pili bila vitambulisho ni kazi ya wiki nzima. Mjulisheni commissariat lacustre (ofisi ya usafiri wa ziwani) siku na saa. Na mzungumze na wavuvi wa sambaza (dagaa wa Kivu) kabla ya msimu, siyo baada ya tanga kukata wavu. Wao hufanya kazi usiku na kuanika asubuhi, ninyi mchana, kwa hiyo kugongana si lazima. Waombeni wawaonyeshe wanapoacha nyavu zimetegwa, mpige maboya mbali na hapo.

Kuanzisha mbio, kanuni ya 26 ya World Sailing (shirikisho la dunia la mchezo huu): dakika 5 kabla, bendera ya aina ya mashua zinazoshindana inapanda na mlio mmoja. Dakika 4, bendera P (bluu yenye mraba mweupe katikati) na mlio. Dakika 1, P inashuka, mlio mrefu. Sifuri, bendera ya aina inashuka, mlio. Kinachohesabika ni bendera siyo mlio, maana filimbi inafika kwa kuchelewa. Aliyevuka mapema: bendera X, nyeupe yenye msalaba wa bluu, na mlio mmoja. Wakivuka wengi msiwajue: kibadala cha kwanza, pembetatu ya bluu na njano, milio miwili, mnaanza upya.

Kupishana, tatu za kwanza zinatosha mwaka mzima. Anayepata upepo kutoka kushoto ampishe anayeupata kutoka kulia. Wakiwa upande mmoja, aliye juu ya upepo (upande unakotoka) ampishe aliye chini. Aliye nyuma ampishe aliye mbele. Aliyekosa ajizungushe mara mbili, aliyegusa boya mara moja, hapohapo. Mkizoea kumaliza ugomvi majini, baraza la malalamiko litakaa mara chache.

Kama mashua ni za aina mbili, tumieni nambari za Portsmouth, zinazosawazisha kasi ya aina mbalimbali: sekunde ulizotumia mara 1000, gawa kwa nambari ya mashua. Mfano, mashua ya nambari 1100 imemaliza kwa sekunde 3300, inapata 3000. Ya nambari 1380 imetumia 3960, inapata kama 2870. Imefika nyuma kwa dakika 11 lakini imeshinda. Nambari hubadilishwa kila mwaka, chukueni orodha mpya, msiendeleze ya zamani kwa mazoea.

Pointi: wa kwanza 1, wa pili 2, na kuendelea, asiyemaliza anapata idadi ya walioandikishwa ongeza 1. Mwisho wa msimu kila mtu anafuta mbio yake mbaya kuliko zote. Mwenye pointi chache ndiye bingwa.

Mwana_Muhumba
Asanteni sana, baa imekufa, ombi la boti ya uokoaji linakwenda mkutanoni. La mwisho: wakipinduka, utaratibu ni upi kwa mashua ya watu wawili?

MoteriSafi
Kwanza semezaneni, kila mmoja ajue mwenzake yuko hai na hakunaswa chini ya tanga. Legeza kamba zote za matanga. Isipolegezwa itainuka na kupinduka tena upande wa pili. Mmoja aende omoni aelekeze mashua kwenye upepo, au kwa njia ya haraka alale ndani ya bodi sambamba na ubavu ulio majini, ashike mkanda wa miguu asiuning'inie. Wa pili apande juu ya ubao wa chini (ule unaoshuka majini katikati ya mashua), karibu na bodi na siyo ncha yake, kwa maana ncha inavunjika. Avute kamba ya tanga dogo akiegemea nyuma, polepole mpaka mlingoti uachane na maji. Ikisimama, aliyelala ndani amvute mwenzake kupitia tezi, siyo ubavuni.

Isiposimama baada ya majaribio matatu, kaeni juu yake mkaishike. Hakuna kuogelea kwenda nchi kavu, hata kama inaonekana karibu. Maji ya Kivu ni ya digrii 24 hivi, hayaui haraka, lakini upepo kwenye nguo mbichi unachosha mikono, na boti inaona bodi nyeupe kwa mbali, kichwa cha mtu haikioni. Zoezi hili lifanywe karibu na pontoni siku isiyo na upepo, kila mwanachama mpya, kabla hajapewa kibati.

Mama_Daftari
Na kabla hajapewa kura. Iandikeni kwenye kanuni za ndani, siyo kwenye statuti, ili mkitaka kuirekebisha msirudi kwa notari.